Don Goyo Aondoka Mapokezi

Baada ya miaka mitano ya utumishi bila likizo, Don Goyo, chura wa mitini wa nyumba yetu ya wageni hapa mjini Adjuntas, kisiwani kwetu, amestaafu rasmi tarehe 6 Januari, Sikukuu ya Wafalme Watatu.

Don Goyo hakuajiriwa na mtu. Alikuja na mmea wa jamii ya nanasi ulioletwa kupamba mapokezi, akaona chungu kinamwagiliwa kila siku, akabaki. Alitosha juu ya kidole gumba. Mchana alijibanza kwenye mashina ya majani. Magharibi alipanda jani la juu na kuita: “ko” kuwafukuza madume wenzake, “ki” kuwabembeleza majike. Hakuwahi kuchelewa kazini, jambo ambalo sisi wa jikoni hatuwezi kujisifia.

Mwaka wa ukame, vyura wa bustanini waliponyamaza, yeye aliendelea peke yake. Mgeni mmoja kutoka Chicago akalalamika kwamba hapati usingizi. Doña Eneida, mwenye nyumba, akaamuru chungu kitolewe uani, juani. Cheo, mtunza bustani, alikinyanyua, akachungulia, akakitua.

“Doña, huyu ana mayai. Yakitoka nje yatakauka.”

“Mama yao yuko wapi?”

“Ametaga, kaenda zake. Baba ndiye anayeyalalia.”

Mume wa Doña Eneida alikwenda Orlando kutafuta kazi watoto wakiwa wadogo, na bado anaitafuta. Doña aliinama, akachungulia chunguni mwenyewe.

“Kirudishe ndani. Mwanamume wa namna hii simwaniki juani mimi. Mgeni mpe pamba ya masikioni.”

Mayai yakaanguliwa, wakatoka vyura kamili, wadogo kama punje za mchele, maana ukoo wake haupitii kuwa viluwiluwi. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

Tangu Krismasi hatujasikia sauti yake. Cheo alitaka kupekua majani, Doña akamkataza: “Mstaafu hapekuliwi chumbani, we Cheo.” Bado anakimwagilia chungu mwenyewe kila jioni, kisha husimama pale kidogo.

Juzi kwenye jani la juu ilisikika “ko” moja nyembamba, ya mtu anayejifunza kazi. Doña alijifungia stoo, akatoka macho mekundu, akasema ni vitunguu. Vitunguu vyote viko jikoni kwangu.

Ahsante, Don Goyo. Tunakutakia mvua za kutosha na majani mabichi, popote ulipo humo chunguni.