Aliyeimba Si Phikun

Wasikilizaji wapendwa, leo sina utani na mtu. Kama wali uko jikoni, punguza moto, sogea karibu na redio. Nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Mtaona kwa nini.

Jumanne iliyopita, hapa hapa Suphan, alifariki mama mmoja muuza ndizi za kukaanga. Anaitwa Lamom Inthong. Miaka sabini. Lishikeni jina hilo: Lamom Inthong. Wengi wenu hamlijui, lakini sauti yake mnaijua, tena mmeshailia machozi. Ule wimbo wa mwaka 2515 wa kalenda yetu ya Kibudha, yaani 1972 kwa hesabu ya Wazungu, "Mfereji Ukijaa Nitarudi", uliopigwa kila kibanda cha tambi kuanzia huku hadi mpakani, ameuimba yeye. Si Phikun Thungthong mnayemjua nyinyi. Ni Lamom.

Najua kuna mtu hapo anasema, "Mzee huyu kachanganyikiwa." Ngoja kwanza.

Lamom aliingia bendi ya Mwalimu Thawin akiwa na miaka kumi na saba. Hakuingia kuimba, aliingia kupika. Bendi za wakati ule zilikuwa kijiji kizima: malori matatu, jenereta, wanenguaji thelathini wenye manyoya kichwani, na wote wanataka kula. Lamom alikuwa anatwanga pilipili huku anaimba, na mpiga tarumbeta mmoja, Chuai, akawa habanduki jikoni. Siku moja Mwalimu Thawin akapita. Akasimama. Akagonga sufuria kwa kijiko.

"Wewe! Hapo sauti ilipopanda, rudia."

Akarudia. Wiki iliyofuata akapandishwa jukwaani.

Sasa, kwetu mwimbaji hapewi jina hivi hivi. Siku ya kuwaheshimu walimu wa fani husogezwa sinia la maua, ubani na kichwa cha nguruwe, na kiongozi wa bendi hulitamka jina jipya mbele ya wote. Jina ni mali ya bendi. Mwimbaji anaazimwa tu. Lamom alipiga magoti, akainuka akiwa Phikun Thungthong. Binti yake, Wilai, ananiambia: "Mama alilia kwa furaha siku ile. Alidhani kapewa."

Walirekodi Bangkok, mara moja, bila kurudia. Mvua zilipoanza, wimbo ulikuwa kila mahali. Watu walimvika mashada ya maua hadi kidevu kikapotea.

Kisha akapata mimba. Mimba ya Chuai, mumewe wa halali. Mwalimu Thawin akamwita pembeni ya lori.

"Nani atamvika shada mwanamke mwenye tumbo?"

"Nitazaa, Mwalimu, nirudi."

"Rudi. Jikoni kuna nafasi."

Akamchukua mnenguaji mmoja, Yupha, mrembo kweli, mwenye kasauti ka kawaida. Akampigisha magoti. Jina lile lile. Na jamani, maua yale yale! Hakubadilisha hata sinia. Tangu siku hiyo Phikun akawa Yupha. Magazeti yakamwandika Yupha. Jalada la rekodi likachapwa upya na uso wa Yupha, na sauti ndani yake ikabaki ya Lamom. Narudia kwa wenye masikio mazito: uso wa Yupha, sauti ya Lamom.

Huo ni wizi. Nimetafuta neno laini zaidi, sikulipata, na wala sikulitafuta sana.

Lamom na mumewe walirudi kulima. Chuai akafa mapema, homa tu, siku nne. Lamom akaweka meza ya ndizi sokoni. Redio ya jirani ikipiga wimbo wake, naye anafuatisha huku anageuza ndizi kwenye mafuta. Wateja wanacheka.

"Mama Wilai, unamwiga Phikun vizuri wewe!"

"Aa, najaribu," anawajibu.

Miaka hamsini, wasikilizaji! Miaka hamsini mwanamke anasifiwa kwa kujiiga mwenyewe.

Hakutaka pesa. Hakutaka kurudi jukwaani. Wilai anasema mama yake alitaka kitu kimoja tu duniani: jina lake litajwe redioni, mara moja, kabla ya ule wimbo. Basi.

Na alikuja kuliomba. Alikuja hapa, kwenye jengo hili, mwaka 2531, yaani 1988, mimi nikiwa bado na nywele nyeusi na kiburi cha kutosha. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, na ndizi kwenye karatasi, zawadi yangu. Nilimsikiliza nusu nusu. Nikamwambia, "Mama, jalada limeandikwa Phikun. Na Phikun nimekula naye samaki juzi tu. Nenda nyumbani." Akaniinamia kwa adabu, akaondoka. Ndizi nikazila. Zilikuwa tamu. Ndiye mimi huyu, mnayeniita Mjomba wa Nyimbo za Zamani.

Wilai alinipigia simu Jumatano. "Mama amefariki, Mjomba. Njoo tu umwage maji." Nikaenda.

Mkuu wa kijiji, kwa kutaka msiba ung'are, na kwa kusikia marehemu aliwahi kuwa kwenye bendi yake, alikuwa amemwalika Mwalimu Thawin awe mgeni rasmi. Ana miaka themanini na tatu sasa. Akashuka kwenye gari jeupe na mpiga picha wake, na shada kubwa kupita mlango, jina lake mwenyewe kwa herufi za dhahabu. Huyu ndiye aliyejigamba kwenye televisheni mwaka jana, bila haya: "Phikun nilimfinyanga kwa mikono yangu hii."

Saa kumi alasiri tukapanga foleni ya maji. Mnajua ilivyo: kila mtu anamwaga kidogo kwenye kiganja cha marehemu, anamwomba msamaha kwa lolote alilomkosea. Mkubwa hutangulia. Mwalimu Thawin akasogea, mpiga picha akachuchumaa. Wilai alikuwa ndiye anayegawa vibakuli. Akampa. Mzee akainamisha kichwa.

"Nisamehe, Phikun..."

"Subiri, Mwalimu," Wilai akasema. Hakupaza sauti. "Unamwomba nani?"

"Phikun, mwanangu."

"Phikun yuko Bangkok, ana saluni, mzima kabisa. Huyu aliyelala hapa ni nani?"

Mzee akacheka kidogo. Hakuna aliyecheka naye. Akamgeukia mkuu wa kijiji, mkuu wa kijiji akawa anakagua ndala zake. Akamtazama mpiga picha. Tukaona wote, na kwa macho yetu, kwamba mtu huyu hajui. Alimchukulia jina, alimchukulia sauti, alimchukulia ujana, na jina alilopewa na mama yake mzazi hakuwahi hata kuuliza.

"Tulimwita... pale jikoni tulimwita binti tu," akasema.

Wilai akakichukua kibakuli mkononi mwake, akayarudisha maji kwenye beseni. "Basi kaa kwanza, Mwalimu. Wanaomjua watangulie."

Akakaa. Kiti cha plastiki, nyuma kabisa, karibu na masufuria. Nilifurahi. Siombi radhi, nilifurahi kweli.

Lakini aliyefuata kwenye foleni nilikuwa mimi. Jina nilikuwa nalijua, ndiyo. Nililisoma kwenye ubao wa mlangoni, dakika kumi kabla. Wilai akanipa kibakuli. Hakuniuliza kitu. Afadhali angeniuliza.

Wilai, na wajukuu wote watatu, poleni sana. Kituo hiki kinawapa pole, na mimi binafsi nawaomba radhi, nikijua kwamba mwenye kustahili kuombwa hanisikii. Kwa Mwalimu Thawin sina pole yoyote.

Na wewe unayesikiliza, kuna mtu hapo karibu nawe unamwita "mama ndizi" au "binti" mwaka wa ishirini huu. Inuka ukamuulize jina lake, leo, wakati bado anaweza kukujibu.

Wasikilizaji wapendwa, wimbo ni "Mfereji Ukijaa Nitarudi". Mwimbaji ni Lamom Inthong.