Fundi Aliyelalia Vitanda Vyetu

Baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja katika karakana ya hospitali yetu, fundi wa vitanda anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mwenzake wa meza moja, kazi ya kuandika wasifu wake, na imenisihi niandike maneno matamu. Nitajitahidi. Lakini mtu aliyefanya kazi na fundi huyu kisha akasema hakuwahi kushika kichwa, huyo ni mwongo.

Alianza kwa kupaka rangi madirisha. Muda si mrefu akahamishiwa kwenye vitanda, na hapo ndipo balaa letu lilipoanza. Fundi mwingine akishakaza nati na kutia grisi, hukitikisa kitanda kidogo, akakisukuma wodini. Yeye hapana. Yeye huweka godoro, huvua viatu, hupanda na kulala. Hulala chali, hugeukia ukutani, hugeuka tena, huinua mguu mmoja kama mtu aliyevunjika. Kitanda kikilia hata kidogo, anashuka, anafungua kila kitu, anaanza upya. Huku nyuma simu inaita, muuguzi mkuu anauliza kitanda chake kiko wapi, na wa kupokea ni mimi. Nimjibu nini, kwamba fundi amelala? Nilimjibu hivyo mara moja. Sirudii tena.

Ndiyo maana hospitali nzima inamwita Lala Kwanza. Siku moja alikijaribu kitanda hukohuko wodini, usingizi ukampitia. Daktari mgeni akapita, akampima mapigo ya moyo, akaagiza asipewe chakula mpaka majibu ya vipimo yatoke. Alipoamka hakukasirikia vipimo. Alikasirikia kunyimwa chakula.

Tusimnyime haki yake. Vitanda vifupi vya wodi ya wazazi, ambavyo mama mwenye tumbo kubwa hupanda bila kushikwa mkono, ni wazo lake. Alilipata kwa kujifunga mto tumboni na kuhangaika kupanda kitanda kirefu mchana kweupe. Sisi tulimwona. Wageni wa bodi nao walimwona, na wa kuwaeleza nilikuwa nani kama si mimi?

Tukamwitia kikao. Akaambiwa kazi yake ni kutengeneza vitanda, si kuvilalia. Akajibu kwa ule upole wake unaoudhi kwamba kitanda ni chuma tu; kazi yake ni usingizi wa mtu. Mgonjwa ana maumivu yake tayari, akasema, haifai kila akijigeuza chuma kimsimange. Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Mimi najua kazi ni kazi: unaingia, unamaliza, unarudi kwa wanao. Yeye alitaka kila nati iwe na mtu wake.

Na huko nyumbani? Shemeji yetu, mkewe, ametuapia kwamba kitanda chao kinapiga kelele kama geti bovu tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe. Mganga hajigangi.

Mwaka huu wote uchangamfu ulimtoka. Kila wakati wa chai aliuliza swali lilelile: akiondoka, nani atavilalia? Hakuulizia zawadi wala hotuba. Siku moja nilichoka, nikamwambia hakuna, mzee wangu, na wagonjwa watapona vilevile. Chai yake ikapoa mezani.

Alipoanza likizo yake ya mwisho, karakana ilipumua. Vitanda vikatoka haraka, muuguzi mkuu akatusifu. Kisha Jumatatu hii nikamaliza kitanda kimoja cha wodi ya wanaume. Nilikitikisa, kikatulia. Nikakishika nikisukume, mikono ikakataa. Nilikasirika sana. Nikavua viatu, nikapanda. Nilipogeukia ukutani kikalia, kidogo tu, upande wa miguuni. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa huyo ambaye angekilalia. Nikashuka, nikafungua kila kitu, simu ikiita. Vile vilivyokwisha kutoka navirudisha kimoja kimoja, na muuguzi mkuu hasemi nami.

Fundi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, ahsante kwa miaka yako yote, pamoja na ile uliyotumaliza. Tunakuombea afya, wajukuu wenye adabu na siku zisizo na haraka. Anza na kitanda cha shemeji.

Na lile swali lako la wakati wa chai: ni mimi. Haya, nenda salama, uniache nilale.