Mishono ya Mkono wa Kushoto

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mkwe wa marehemu, mke wa mtoto wake wa kwanza, na nimetumwa kusoma kwa sababu wanawe wote watatu wamesema hawatafika mstari wa pili bila kulia, nami nimekubali, ingawa sijaahidi kwamba mimi sitalia.

Mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Viraka naye akaitika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuza maziwa, akaanza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza darasa la saba mwaka 1965, hesabu zikimpiga chenga, lakini katika kazi za mikono hakuna aliyemfikia.

Februari 1969 aliajiriwa kufagia kiwanda cha sare za shule, ambako mabaki ya vitambaa yalikuwa yanachomwa moto, naye akaomba ruhusa ya kuyabeba, hivyo kila jioni mlinzi wa getini alimpekua mfuko na kukuta vipande visivyofunika hata kiganja, akaendelea kumpekua mwaka mzima, mpaka mama akamuuliza mbele za watu kama anatafuta kitambaa au anatafuta mke. Walifunga ndoa tarehe 5 Agosti 1972, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1974, 1977 na 1981, na baba yetu alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, mama aligeuza sebule yake kuwa karakana, akakusanya kina mama waliokosa kazi pamoja naye, wakawa wanazunguka kwa mafundi kuomba mabaki na kuyashona kwa mkono kuwa matandiko, mapazia na mbeleko. Hakuna kipande kilichoshonwa kabla ya kuchemshwa na chumvi, kwani alisema kitambaa chekundu ni kama mchumba, tabia yake utaijua kikishaingia majini.

Tarehe 11 Juni 2018 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza, na alichoogopa hakikuwa kifo, bali kukaa kwenye kiti akitazama wenzake wakishona. Akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, mishono ikapanda na kushuka kama mlevi anayetafuta kwake, na wenzake wa karakana, mnajijua hapo nyuma, kwa mapenzi na kwa hofu ya wateja, wakawa wanaifumua kila akienda kujinyoosha na kuishona upya, mpaka siku alipolipapasa tandiko akakuta mstari wake umenyooka. Alilia sana, akasema kwamba wamemzika kabla ya siku yake. Wakamwomba radhi, mstari wake haukuguswa tena, na kumbe wateja wenyewe ndio wakaanza kuja wakiutaka ule uliopinda.

Januari mwaka huu moyo wake ulianza kuchoka, akatibiwa, akarudi nyumbani akiwa na nguvu za kutosha kutugombeza, na alfajiri ya Jumatano tarehe 8 Mei 2024 akatutoka, akiacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotupikia tangu Jumatano, na mafundi mliomtunzia mabaki miaka yote hii. Na kina mama wa karakana, nyinyi sijui niwashukuru vipi. Tandiko hili lililofunika jeneza alikuwa hajalimaliza, upande mmoja ulibaki wazi, na jana mliketi kuumaliza, kila mmoja akishika sindano kwa mkono wa kushoto, mkijichoma vidole, mkicheka huku mnalia, kwa hiyo wote mtakaopita kumuaga, mjue upande ule umepinda, na hakuna atakayeufumua.

Pumzika kwa amani, mama. Jumatatu karakana inafunguliwa kama kawaida.