Sahani ya Mwanya Mpana

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa kanisa la Miyuji. Mnaonijua mnajua kwamba kunitoa nyumbani ni kazi, na kunitoa kiti cha nyuma ni kazi zaidi. Lakini Mungu amenitendea, na nikinyamaza nitakuwa mwizi wa sifa zake.

Nafanya kazi katika maabara ya kampuni ya kuchimba visima. Elimu yangu ni kidato cha nne, na upande wa hesabu mwalimu aliniacha mikononi mwa Mungu. Kisima kirefu huchimbwa kwa tope jepesi linaloshuka chini na kurudi juu na vipande vya mwamba. Mwamba ukiwa na nyufa, tope linatorokea humo na kazi inasimama. Kwa hiyo sisi tunalichanganya na maganda ya karanga na ya alizeti, tunalisukuma kwa presha ndani ya silinda ambayo chini yake kuna sahani ya chuma yenye mwanya. Likiuziba mwanya, linafaa. Sahani ni mbili, ya mwanya mwembamba na ya mwanya mpana, na fomu inataka tupime kwa zote mbili.

Ndugu zangu, mume wangu Baba Neema ni mchimbaji wa kampuni hiyohiyo. Alikwenda kijiji kimoja upande wa Mpwapwa, akasema wiki mbili. Ikafika ya tano. Nilikuwa nachemsha chai ya watu wawili, nangoja, kisha nakunywa vikombe vyote. Ndiyo maana gauni hili linanibana. Nilitamani hata kikohozi chake, kile nilichokuwa namwambia akakoholee nje.

Akipiga simu ni lilelile.

“Mama Neema, ardhi imelinywa tope tena.”

“Na maganda yangu?”

“Yamepita kama wageni wasioaga. Bosi anasema tujaribu mara moja tena tu, ikishindikana tunang'oa mashine. Kina mama wanakuja na ndoo kila asubuhi, wanakaa wanatutazama. Sina pa kuweka macho.”

Jumapili nikapiga magoti hapahapa, nikamwomba Mungu azibe nyufa za Mpwapwa. Nikiwa katikati ya maombi nikaona akilini fomu ya maabara, na alama ya vema niliyoiweka mwenyewe kwenye mstari wa sahani ya mwanya mpana. Ndugu zangu, sahani ile sikuipima. Siku ya kwanza ilinirushia tope mpaka shingoni, nikadeki saa nzima, nikachelewa kufika nyumbani. Tangu hapo nikawa nachekecha maganda yawe laini kama unga wa ugali, napima mwanya mwembamba peke yake, naweka vema mbili, nawahi kwangu. Kuwahi kwangu ndiko kulikomzuia mume wangu asirudi.

Jumatatu nikamweleza Injinia Rehema, mkuu wetu.

“Wiki zote hizi, Mama Neema? Kwa ajili ya sakafu?”

“Na kwa ajili ya kuwahi nyumbani, dada.”

“Vaa aproni.”

Tukafunga sahani ya mwanya mpana. Maganda yangu laini yalitoka yote, yakatuogesha sote wawili. Tukarudishia yale makubwa niliyokuwa natupa, tukachanganya na madogo. Tope likaruka kidogo, likadondoka, likakoma. Nililia mbele ya silinda kama mtu aliyefiwa. Magunia ya maganda yakaondoka na lori siku hiyohiyo.

Alhamisi simu ikaita. “Tope limerudi juu,” akasema, na nyuma yake nikasikia vigelegele vya wale kina mama. Hapo nikamwambia ukweli wote.

“Yaani nimekula maharage ya kambini wiki tano kwa sababu ya dekio?”

“Nisamehe, Baba Neema.”

“Nimekusamehe. Ila nikirudi, sakafu naikanyaga na mabuti.”

Bado hajarudi. Kuna mabomba ya kuteremsha, na mimi sisaini fomu tena mpaka Injinia atakaponiamini; ni haki yake. Namshukuru Mungu aliyenionyesha mkono wangu mwenyewe nilipokuwa nalaumu ardhi. Ndugu yangu, kama kuna vema uliyoiweka bila kupima, mwamini Bwana, kaiseme kesho asubuhi. Mimi nilisema na bado nipo hai. Mniombee tu safari ya Baba Neema iwe fupi. Sakafu ni chafu, nimeiacha hivyo makusudi, aikanyage atakavyo.