Mwizi Aliyeacha Simu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasikia upande wa akina mama tu. Bwana asifiwe! Haya, sasa tumeamka wote. Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, hamjambo.

Naitwa Martina, mzaliwa wa Maretadu, nasomea utabibu hapa chuoni, mwaka wa pili. Nimesimama kusema jinsi Mungu alivyonitoa kwenye shimo nililolichimba kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikiwa mwimbaji wa kwaya.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kuuliza. Ukiniomba sindano nitakuuliza unashona nini, imechanikaje, na ulikuwa wapi ilipochanika. Nilijisifia jambo hilo. Niliona ni akili. Sikujua kwamba watu walikuwa wananiogopa.

Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ile yetu ya ukungu mpaka saa nne asubuhi. Jumamosi ya wiki hiyo nilikuwa natimiza miaka ishirini na mbili, na mama alinitumia mzigo kwa basi: blanketi zito, kitenge kipya, na unga wa ulezi wa shambani kwetu. Jumanne mchana tuliporudi bwenini nikakuta kufuli la tranka langu limevunjwa. Nikapiga magoti pale sakafuni, si kuomba, kukagua! Blanketi hakuna. Kitenge hakuna. Unga hakuna. Chupa ya chai hakuna. Lakini simu yangu ilikuwa pale pale kitandani inachajiwa, na kompyuta yangu ilikuwa ndani ya tranka, haijaguswa.

Ndugu zangu, huyo ni mwizi wa namna gani? Anaacha simu, anabeba unga wa uji! Wenzangu walikasirika, lakini mimi nilikuwa na kitu kingine juu ya hasira. Nilitaka kujua. Nilitaka kujua kiasi kwamba sikula.

Chumbani kwetu yupo dada anaitwa Zuhura, ametoka Tanga, ndiye Mwislamu peke yake kati yetu wanane. Kosa lake lilikuwa moja: mchana ule alibaki chumbani dakika chache kuswali. Hilo tu. Nikasimama mbele ya wote nikasema, "Zuhura, fungua begi lako tuone." Hakubisha. Alitoa nguo moja moja, hata zile ambazo mwanamke hatoi mbele za watu, akaziweka kitandani. Hakukuwa na kitu changu. Hakuna aliyemwambia pole. Alikaa akizikunja upya, taratibu sana, na mimi nilikuwa tayari namtazama mwingine.

Aliyenifariji alikuwa Veronika, msichana wa Balangdalalu, mpole, analala kitanda cha chini na mimi cha juu. Aliniambia, "Pole, Martina," huku machozi yanamtoka. Nikasema moyoni, huyu ndiye rafiki.

Jumatano nikafanya jambo ambalo leo nalitaja kwa aibu. Nilimpigia simu babu. Kwetu mnajua, sina haja ya kuwafundisha: kitu kikiibwa na mwizi asijulikane, wazee wanaweza kukaa pamoja na kutamka neno. Na neno hilo halimfuati mwizi peke yake. Linaifuata nyumba yake. Linafuata watoto.

Babu akaniuliza, "Mjukuu wangu, una uhakika? Kwa blanketi na unga?"

Nikasema, "Babu, nina uhakika. Nataka ajulikane."

"Basi Jumamosi asubuhi nitawaita wenzangu."

Siku yangu ya kuzaliwa! Na niliona kama zawadi. Alhamisi jioni nikaenda mazoezi ya kwaya nikaimba kwa sauti ya kwanza, mikono juu. Ndugu zangu, mnaniona? Mguu mmoja kanisani, mguu mwingine kwenye laana, na hakuna hata mmoja uliochechemea!

Ijumaa tulikuwa na kipindi cha afya ya watoto. Jua lilikuwa limetoka, darasa limepata joto, lakini Veronika alikuwa na sweta. Akaivua kidogo, akajitazama, akaivaa tena haraka. Nilishaona. Blauzi yake ilikuwa na alama mbili za maji kifuani. Mimi ni tabibu mwanafunzi, najua maziwa yakivuja yanafanana na nini. Hapo hapo vile vitu vinne vikajipanga kichwani kwangu vyenyewe: ulezi wa uji, chupa ya kuuweka joto, blanketi la kufunikia, kitenge cha kubebea. Mtoto! Mwizi wangu ana mtoto mchanga!

Sitawadanganya kwamba niliingiwa na huruma. Nilifurahi. Nilikuwa nimepata jibu.

Kipindi kilipokwisha nikamfuata kwa mbali. Akapita nyuma ya soko, akashuka njia ya mashambani, akaingia kwenye chumba kimoja cha kupanga kilichojitenga na nyumba nyingine. Nikasogea.

"Hodi!"

Nikagonga mlango.

"Hodi humu!"

Mlango ukafunguliwa. Veronika akaniona, wala hakushtuka. "Umenifuata."

"Nimekufuata."

"Basi ingia umalize."

Kitandani alilala mtoto wa kike wa miezi mitano, kafunikwa blanketi langu mpaka shingoni. Mama mwenye nyumba ndiye aliyekuwa akimshikia mchana na kulala naye usiku, akimpa uji wakati mama yake yuko darasani au bwenini. Mimi nilikuwa nimeandaa maswali njia nzima. Nikaanza na la kwanza: "Kwa nini hukuniomba, Veronika? Ningekupa!"

Akanitazama. Akasema, "Ningekuomba, ungeuliza. Ungeuliza wa nani, nilimzaa lini, baba yake yuko wapi, nyumbani wanajua au hawajui. Na ungepata majibu, kwa sababu wewe huachi. Kuiba kulikuwa rahisi kuliko kukujibu wewe, Martina."

Ndugu zangu, nimehubiriwa mahubiri mengi. Hilo lilikuwa fupi kuliko yote na ndilo lililonifikia.

Hapo hapo nikasikia mtoto anakoroma kwa shida. Si koromo la usingizi. Nikafunua blanketi. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na pumzi zenyewe zilikuwa mbio mbio.

"Ameanza lini?"

"Juzi. Nilidhani ni mafua ya baridi."

"Ananyonya?"

"Tangu asubuhi amekataa." Akanishika mkono. "Martina, anakufa?"

"Mfunge mgongoni. Twende sasa hivi."

Tukachukua bodaboda moja, sisi wawili na mtoto katikati. Hospitalini wauguzi wakampokea, wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano. Ilikuwa nimonia. Daktari akasema, "Mngesubiri kesho..." Hakumalizia sentensi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka mtu amalizie.

Nikakaa kwenye benchi nje ya wodi. Kesho. Neno lile likanigonga. Kesho asubuhi wazee wanakaa! Wanaitamkia nyumba ya mwizi! Na nyumba ya mwizi ilikuwa nani? Alikuwa huyo huyo mwenye mrija wa oksijeni puani! Mimi ndiye niliyemwombea mabaya, kwa kinywa changu, kwa simu yangu!

Nikampigia babu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Mtandao wa kwetu mnaujua, mpaka simu ipandishwe kilimani. Nikatoka hadi kwenye karo wanakofulia ndugu wa wagonjwa, nikapiga magoti kwenye matope, watu wananitazama na ndoo zao. Sikuomba kwa maneno mazuri ya kwaya. Nilisema, "Yesu, nimetupa jiwe na sijui nani amesimama mbele. Lizuie. Sina mkono wa kufika kule. Wewe unao." Nikalia mpaka nikakauka. Nilipoinuka nilikuwa mwepesi, siwezi kuwaeleza zaidi ya hapo. Ile hamu ya kushika kosa la mtu, ile njaa, ilikuwa imeondoka.

Nikapiga. Simu ikaita!

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ni kuhusu kesho? Wenzangu nimeshawaambia."

"Babu, nakuomba, usiwaite. Msitamke neno lolote."

"Mwizi amepatikana?"

"Amepatikana."

"Nani?"

Ndugu zangu! Mimi, Martina, nikaulizwa swali ambalo jibu lake ninalo, nikanyamaza! Nikasema, "Babu, nisamehe. Siwezi kukuambia. Nimemsamehe."

Babu akasema, "Umekua. Neno likiwa mdomoni, mtu hulimeza. Likishatoka, tunatafuta kondoo wa kuchinja kusafishia laana, na bado huna hakika. Nitawaambia wabaki na ng'ombe wao."

Jumamosi niliamkia kwenye benchi lile lile. Saa sita mchana mtoto akanyonya. Akanyonya, akalala, akaamka, akanyonya tena! Sikukata keki. Sijawahi kuwa na siku ya kuzaliwa kama ile.

Jumatatu Veronika alikwenda mwenyewe kwa matroni akasema yote. Alipewa adhabu, na aliipokea. Mama yake alifika kutoka Balangdalalu; alilia siku nzima kwa kufichwa mjukuu, halafu akambeba na hakutaka kumpa mtu mwingine. Veronika anaendelea na masomo. Yumo humu ndani leo, na yeye ndiye aliyeniambia, "Simama, useme, nami unitaje."

Nilikwenda pia kwa Zuhura. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wale sita walioona begi lake. Akasema, "Nimekusikia, Martina. Nimekusamehe kwa Mungu. Ila usinitake nisahau leo." Nami simharakishi. Ile ni haki yake. Nililoweza kufanya ni kutaja jina langu mbele ya watu kwamba mkosaji nilikuwa mimi.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu. Mtoto yu hai. Laana haikutamkwa. Na mimi nimefunguliwa.

Huenda hapa yupo mtu aliyejificha kwenye chumba chake cha kupanga, ana jambo anaona heri aibe kuliko aulizwe. Nakusihi, usimpime Mungu kwa watu kama nilivyokuwa mimi. Sisi tunauliza "uko wapi?" tupate habari. Yeye akiuliza, ameshavaa viatu vya kukufuata. Mjibu. Mjibu leo, hata kwa kulia tu. Na ukihitaji mtu wa kukusindikiza, nipo kwenye benchi hili la tatu. Njoo ukae. Sitakuuliza kitu.

Utukufu ni wake. Amina.