Punje ndani ya betri ya Mama Nuru

Mbele ya meza ya Hemedi, karibu na soko la Kasongo, kuna benchi la mbao linalopata kivuli cha ukuta mpaka adhuhuri. Hemedi anatengeneza redio na taa za jua, kwa hiyo watu wanamwita Daktari. Wanaokaa hapo kila asubuhi na kahawa yao ni Djamali, mwendesha pikipiki anayeitwa Bila Freni, na Mzee Antoine, mwalimu mstaafu anayeitwa Dikte, yaani Imla. Siku moja nilisimama mwisho wa benchi, mwanangu Nuru mgongoni, maana betri yangu ya jua ilikuwa mezani imefunguliwa. Mume wangu aliinunua Salamabila, anakochimba dhahabu. Kila saa sita mchana ilikuwa inakataa umeme, na jioni inakubali tena.

Hemedi aligusa kitu kidogo kama punje ya harage, kimesimama kwa miguu miwili ya waya.

— Adui njo huyu. Umeme yote inapita kwake kwanza. Yeye njo anakata.

— Anakata juu ya nini? akauliza Mzee Antoine.

— Iko mvivu.

— Haiko mvivu, Djamali akasema. Iko mupelelezi. Fabrike yenye ilitengeneza betri inamutia makusudi, akatekate mpaka uchoke, ununue betri ingine.

— Na jioni anafungua juu ya nini?

— Huruma.

— Toka lini fabrike iko na huruma, Bila Freni? Sikiliza jiografia. Hii betri imetoka mbali. Saa sita yetu, kule kwao jua inazama. Inafikiri watu wamefunga kazi.

— Na jioni yetu, kule si usiku wa manane? Mbona inaamuka?

Mzee Antoine alikunywa kahawa kidogo.

— Inafanya kazi ya siri.

— Daktari, Djamali akasema, toa hiyo punje, tia waya direkte. Mama Nuru arudi nyumbani.

Kwetu kinachokata huondolewa. Fyuzi ikiungua tunaweka unyuzi wa shaba, na redio inaimba. Nami niliona ni sawa. Hemedi alikuwa amekwisha kuachanisha mguu mmoja wa punje, na chuma chake cha kulehemu kilikuwa chekundu katika makaa, wakati Aimée, muuza mikate, alipofika kuchukua tochi yake.

— Hii betri, Aimée akauliza, nyumbani inalala wapi?

Hemedi alimtazama Djamali, Djamali akamtazama Mzee Antoine. Hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikajibu kwa sauti ndogo.

— Kwa kichwa ya kitanda ya mutoto. Nilishona kitambaa ya maua, nikaifunika, mukunjo mbili. Vumbi isiingie.

— Hata saa sita, chini ya bati?

— Hata saa sita.

Hemedi aliacha chuma katika makaa. Akachukua kipimo chake, akashikisha ncha zake mbili kwenye miguu ya punje. Namba, ya kiasi punje inavyouzuia umeme, ilikuwa ndogo. Akaomba gilasi ya Djamali, kahawa ikiwa bado inatoa mvuke, akaiegemeza kwenye punje. Namba ikapanda, ikapanda tena, mpaka kipimo kikashindwa kuisoma. Alipoondoa gilasi, ikashuka polepole.

— Nilikosea, akasema. Inaitwa termistansi. Ikipata joto inafunga njia ya umeme, ikipoa inafungua. Hata umeme yenyewe ikizidi, inaitia joto, inafunga vilevile.

— Fyuzi, basi, akasema Mzee Antoine.

— Fyuzi ikikata mara moja, imekufa. Hii inakata leo, kesho inakata tena.

— Na ungetia ile waya? Aimée akauliza.

— Betri ingeendelea kunywa umeme na joto yake yote. Ingevimba, ipasuke na moto. Kisha ile kitambaa...

Nilimshusha Nuru mgongoni, nikampakata. Djamali alisahau kuomba gilasi yake.

Hemedi alirudisha mguu wa punje mahali pake kwa uangalifu, akaniambia niweke betri juu ya matofali mawili, karibu na dirisha, mbali na mtoto, bila nguo yoyote. Nilimshukuru. Nilimshika Aimée mkono, nikamshukuru zaidi. Lakini niliona bado kuna mtu mmoja wa kushukuru.

— Daktari, mutu mwenye alitia hiyo punje, jina yake nani?

Hemedi aligeuza kifuniko. Mzee Antoine alivaa miwani, akasoma herufi na tarakimu mara mbili.

— Jina haiko.

— Unamutakia nini? Djamali akauliza, taratibu.

— Nimutaje kwa sala.

Mzee Antoine akaniomba siku moja afikiri mtu asiye na jina anatajwaje katika sala. Birika la kahawa likamiminwa mpaka tone la mwisho, nami nikaenda nyumbani. Mpaka leo hajanijibu. Namwombea mtu huyo hivyo hivyo, bila jina.