Mama Kashindye na Mtoto wa Kiatu Kimoja

Tarehe 30 Juni Bi. Hellen Luhaga, mhudumu wa Wodi ya Watoto, anatimiza miaka thelathini na moja ya kazi katika hospitali yetu. Kesho yake, sakafu ya wodi itapigwa deki na mtu mwingine, na sijui itakuwaje. Nikisema Bi. Hellen, nusu ya wafanyakazi watauliza ni nani. Ni Mama Kashindye.

Alianza kwa kufua mashuka, kisha akahamishiwa wodini, na hapo hakutoka tena. Sheria yake ilikuwa moja: sakafu mbichi haikanyagwi. Dkt. Alexander, daktari wetu wa watoto, aliikanyaga siku yake ya kwanza kazini. Alipogeuka akakuta ananyooshewa tambara la kudekia, kwa heshima zote, akafuta nyayo zake mwenyewe. Mpaka leo husubiri mlangoni, na wala haoni haya.

Ila kazi yake kubwa haikuandikwa kwenye mkataba wowote. Ukutani mwa wodi, mkabala na dirisha la ziwani, ipo picha ya zamani ya rangi iliyoachwa na muuguzi mmisionari kutoka Marekani. Ni mtoto wa miaka mitatu hivi, gauni jekundu, kichwa kikubwa, mabega mapana kama ya diwani. Aliyemchora ni wazi hakusomea uchoraji. Mguu mmoja una kiatu, mwingine mtupu.

Mama Kashindye aliufanya mguu ule kuwa dawa. Mtoto akigoma kuinuka kitandani baada ya homa kumwachia, aliambiwa kwamba mwenzake pale ukutani kapoteza kiatu na anaomba msaada. Basi walitambaa, wakasimama, wakatembea, wakichungulia uvunguni mwa kila kitanda. Kiatu hakijaonekana hadi leo, lakini waliokitafuta walikwenda nyumbani kwa miguu yao, na wengine sasa wanatuletea watoto wao.

Miaka miwili iliyopita alikuja mgeni kutoka huko huko Marekani, anayezijua picha za aina ile. Alitueleza kwamba imekaribia miaka mia mbili, na kwamba huko kwao inasemekana mtoto akichorwa na kiatu kimoja, basi alichorwa akiwa ameshafariki. Maneno yakaenea. Mama mmoja akaomba mwanawe ahamishwe kitanda, wengine wakasema ni nuksi. Katibu wetu, Bwana Paulo, akaandika barua picha iondolewe ipelekwe stoo, na kikao kikaitishwa. Nakiri kwamba mimi nilikuwa upande wa barua.

Katika miaka yote hiyo Mama Kashindye hakuwahi kusema neno kikaoni. Siku hiyo alisimama, glavu zikiwa bado mikononi.

“Kashindye wangu alifia humu humu, kitanda cha nne, kwa surua,” alisema. “Alikuwa na miaka minne, mimi sijaajiriwa hapa bado. Picha yake sina hata moja. Mama wa huyu alihangaika mwanawe asisahaulike, halafu sisi tumfungie stoo?”

Hadi siku hiyo sote tulijua Kashindye yuko Dar es Salaam, ana kazi nzuri. Nani alituambia? Hakuna. Tulijiambia wenyewe. Kila alipokwenda likizo tulimwagiza, “Msalimie Kashindye,” naye alijibu, “Zimefika.” Mimi niliwahi hata kumtania kwamba kijana huyo ana roho ngumu, hamletei mama yake simu mpya. Alicheka. Naomba radhi hapa, mbele ya wasomaji wote, maana ana kwa ana nilishindwa.

Bwana Paulo aliichana barua yake, na picha ikabaki.

Tulipochangishana zawadi ya kustaafu, hatukununua kochi. Tulimtafuta Khalidi, mchora mabango wa Igogo, akaketi na Mama Kashindye mchana wa siku tatu akisimuliwa mtoto: masikio ya babu yake, pengo la mbele, fulana ya mistari. Picha ya kwanza ilikataliwa. Khalidi amezoea ng'ombe wa mabucha, akamnenepesha. Ya pili mama aliishika, akaomba jambo moja tu, kiatu kimoja kifutwe.

Tulidhani ataipeleka nyumbani kwake Kiseke. Alikataa. Alisema mtoto hakai peke yake, akae na mwenzake. Wiki iliyopita tuliwatundika pamoja, wote na mabega yao mapana, na tayari wapo wanaotafuta viatu viwili.

Mama yetu, asante kwa sakafu safi na kwa kila mtoto uliyemwinua kitandani. Kapumzike Kiseke, ulale hadi jua likuchoke, na mwili wako uwe na afya na amani. Juzi, ukikabidhi funguo za stoo, uligeuka ukiwa mlangoni ukatuagiza, “Msalimieni Kashindye.”

Zimefika, mama. Tunamsalimia kila asubuhi.

Nusrat Iqbal
Muuguzi, Wodi ya Watoto